Aliyeridhia Mshahara wa Chini ya Kima Bado Anadai

Hapa Malindi, ukimuuliza mwajiri kwa nini anamlipa mfanyakazi wa nyumbani chini ya kima kilichowekwa, jibu huwa tayari mdomoni: "Tulipatana, na mwenyewe aliridhia." Hakuna dhana iliyoenea kuliko hii, wala inayoumiza watu zaidi. Mkataba Namba 131 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa mwaka 1970 na kuridhiwa na Kenya mwaka 1979, unatamka kwamba kima cha chini kina nguvu ya sheria, hakipunguzwi, na anayekikiuka huadhibiwa. Kwa hiyo mapatano ya chini ya kima hicho, hata yakitiwa sahihi, hayafuti deni la kilichopungua. Mtu mwenye watoto wanaosubiri chakula ataridhia chochote, na ndiyo sababu sheria haikuliacha jambo hili kwenye ridhaa yake.

Nimeliona daftari la dada mmoja anayefua na kupika katika nyumba ya wageni karibu na ufuo. Kila mwisho wa mwezi ameandika alichokatwa: unga, sukari, chumba cha kulala, hadi mshahara ukabaki nusu. Tajiri wake anaamini kwa dhati kwamba chakula na malazi ni malipo tosha. Mkataba Namba 95 wa shirika hilo hilo, wa mwaka 1949, unaruhusu sehemu tu ya mshahara kulipwa kwa vitu, navyo vimfae mfanyakazi na jamaa zake na vithaminiwe kwa haki. Kulipa kwa pombe kali kumekatazwa katakata. Nchini Kenya, viwango vya amri za mishahara, yaani amri za serikali zinazoweka kima cha chini, havijumuishi posho ya nyumba.

Wengine hudhani nyongeza ya kima cha chini huanza siku ile ile inapotangazwa Mei Mosi. Hapana: nyongeza ya asilimia 6 iliyotangazwa Mei 2024 ilianza kutumika tarehe 1 Novemba. Pia viwango hutofautiana kwa aina ya kazi na kwa eneo, hivyo cha Malindi si kile cha Mombasa.

Iko na dhana ya kwamba asiye na karatasi hana kesi. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri ndiye aandike mkataba wa kazi ya miezi 3 au zaidi, na akishindwa kuutoa mahakamani, mzigo wa kuthibitisha masharti ya kazi unamwangukia yeye. Muda wa kudai ni miaka 3. Nilimsihi dada yule ahifadhi daftari lake, tarehe kwa tarehe, na aende nalo ofisi ya leba kabla muda huo haujapita.