"Huku kwetu hakuna kimbunga": dhana potofu kuhusu nyumba za pwani

Kaa barazani Kilwa au Pangani utaisikia: vimbunga ni vya Msumbiji na Madagaska, sisi Mungu katunusuru. Ni kweli kwamba kwetu ni nadra, maana tuko karibu na ikweta na huko upepo haupati mzunguko wa kutosha. Lakini Aprili 1872 kimbunga kilipiga Unguja, kikang'oa mikarafuu na minazi isiyo na idadi na kuvunja merikebu za Sultani Barghash. Pemba ilisalimika kwa sehemu kubwa, na tangu hapo karafuu ikahamia huko. Aprili 1952 ikawa zamu ya Lindi. Mei 2024 kikaja Hidaya. Kilipungua nguvu kilipofika nchi kavu, ila mvua yake ilikata barabara ya Kusini maeneo ya Somanga.

Kwa hiyo naomba tusikilizane kuhusu mapaa. Wengi huamini bati likipigiliwa misumari mingi basi limetulia. Upepo mkali haulikandamizi paa, hulinyanyua kwa kuingia chini ya upenu. Kenchi, yaani mbao zinazobeba bati, zifungwe kwa vyuma kwenye lenta, ule mkanda wa zege juu ya kuta, na upenu usiwe mrefu mno. Gharama yake ni ndogo ukiilinganisha na kuezeka upya.

"Mchanga ni mchanga, hata wa baharini." Hapana! Chumvi yake hula nondo, kutu ikavimba, zege likapasuka. Tena mchanga huo ndio unaovunja nguvu ya mawimbi. Kunduchi, Dar es Salaam, ufukwe umeliwa miaka mingi, na sababu mojawapo ni kuchimba mchanga kwenye vijito vilivyokuwa vikiulisha.

Ukuta wa kuzuia bahari nao si dawa ya kila mahali. Wimbi likigonga ukuta hurudi na mchanga wa chini yake, na mara nyingi jirani asiye na ukuta ndiye anayelipa. Mikoko hupunguza nguvu ya wimbi bila saruji, nasi tunaikata kwa kuni.

Bahari ikikauka ghafla si riziki ya kuokota kombe. Kimbia juu, huenda ni dalili ya tsunami, mawimbi makubwa yatokanayo na tetemeko la chini ya bahari. Tsunami ya tarehe 26 Desemba 2004 ilianzia Sumatra, na saa kadhaa baadaye ikaua watu Tanzania na Kenya.

Dhana inayoniumiza zaidi ni ya mnunuzi wa kiwanja: "Kiko mbali na maji, nimekiona kwa macho yangu." Alikiona lini? Kama ni siku za maji mafu, bahari isipojaa sana, hajaona kitu. Sheria ya mazingira ya Tanzania ya mwaka 2004 inakataza ujenzi ndani ya mita 60 kutoka ufukweni, ila usitegemee futi kamba peke yake. Nenda wakati wa bamvua, bahari inapojaa kupita kawaida, mwezi mpevu au mwandamo, hasa Machi au Septemba, ukasimame hapo maji yakijaa. Onja na kisima cha jirani. Kikiwa kimeanza chumvi, bahari imeshafika chini ya kiwanja.