Geini ya amplifaya ndogo: kwa nini iafoni nyeti huitaka ya chini

Kwenye ubavu wa amplifaya nyingi za kubebeka kuna swichi ndogo yenye herufi L (chini) na H (juu), pengine na M (wastani) katikati. Mtu akishanunua kifaa, mkono huvutwa kwenye H. Nani atoe pesa yake halafu asikilize kwa kiwango cha chini? Mimi mwenyewe nilikaa kwenye H miezi kadhaa, nikiilaumu iafoni, kile kispika cha kuchomeka sikioni, kwa ile shhh, kama redio iliyokosa stesheni, iliyojitokeza kila wimbo ulipoisha. Iafoni haikuwa na kosa.

Swichi hiyo hubadilisha geini. Geini ni uwiano: chukua volteji inayotoka kwenye amplifaya, igawe kwa iliyoingia. Ikiingia volti 1 zikatoka 4, geini ni mara 4. Watengenezaji hupenda kuiandika kwa desibeli, na hapo yatosha kukumbuka machache: desibeli 6 ni takribani mara 2, 12 ni mara 4, 20 ni mara 10. Desibeli 0 ni mara 1, yaani volteji hutoka kama ilivyoingia.

Hapo kwenye 0 wengi hujikwaa, wakadhani amplifaya imelala. Haijalala. Simu inaweza kuwa na volteji ya kutosha lakini ikalemewa na mkondo unaodaiwa na iafoni ya omu 16 (omu hupima ukinzani wa umeme: zikiwa chache, mkondo unaodaiwa ni mwingi). Amplifaya yenye geini ya desibeli 0 hupokea wimbi kwa kimo kilekile, kisha hubeba yenyewe kazi ya kutoa mkondo. Kimo hakijapanda, ila aliyebeba mzigo amebadilika.

Na geini kubwa si nguvu kubwa. Kikomo cha amplifaya huwekwa na umeme unaoilisha. Betri ya volti 9 iliyounganishwa moja kwa moja haiwezi kutoa wimbi linalozidi volti 9 kutoka kileleni hadi bondeni, na kwa kipimo cha RMS (thamani ya wimbi kikazi, si kilele chake) kinachotumika kwenye karatasi za vifaa, hizo ni kama volti 3.2 tu. Ukiingiza volti 2 kwenye geini ya mara 4 na kufungua sauti yote, hesabu inadai volti 8 ambazo betri haina. Vilele vya wimbi hukatwa na sauti hukwaruza. Vipo vifaa ambavyo H hupandisha pia umeme wa ndani, na huko nafasi huongezeka kweli, lakini hiyo ni kazi ya pili iliyopachikwa kwenye swichi ileile.

Sasa tuje kwenye iafoni. Unyeti wake huandikwa kwa njia mbili: desibeli ngapi za sauti kwa miliwati 1, au desibeli ngapi kwa volti 1. Ya pili ndiyo yenye faida kwetu, kwa sababu geini hushughulika na volti. Iafoni ya omu 16 yenye desibeli 110 kwa miliwati ina desibeli 128 kwa volti. Hedfoni kubwa ya omu 300 yenye desibeli 98 kwa miliwati ina takribani 103 kwa volti. Kwenye miliwati tofauti yao ilikuwa 12. Kwenye volti ni 25. Ndiyo maana ukilinganisha karatasi mbili bila kutazama kipimo kilichotumika, unadanganyika.

Tuifuate ile iafoni ya 128. Ili itoe desibeli 80, sauti ambayo wengi wataiona ya kutosha kabisa, inahitaji volti 0.004. Milivolti nne! Na chanzo cha muziki kwa kawaida hutoa kati ya nusu volti na volti 2. Kwa hiyo kazi ya amplifaya yako, ukiitazama vizuri, ni kupunguza. Ukiingiza volti 2 na kuweka geini ya mara 4, kwa hesabu umejenga volti 8 ambazo kizungushio cha sauti sasa kinalazimika kuzishusha mara 2,000. Unapandisha ili uteremshe.

Kizungushio nacho kina udhaifu wake. Cha kawaida ni rezista mbili zinazozunguka pamoja, moja ya sikio la kushoto na nyingine ya kulia, na mwanzoni kabisa mwa mzunguko wake huwa hazilingani. Upande mmoja huanza kusikika kabla ya mwingine, mwimbaji akahama kutoka katikati. Tena nafasi yote unayoitumia inakuwa upana wa kucha: ukigusa kidogo ni kimya, ukigusa tena ni kelele. Ni kama kupima dhahabu kwa mizani ya magunia. Mizani si mbovu, ila haikuwekwa kwa kazi hiyo. Geini ya chini hukurudisha sehemu ya kati ya mzunguko, ambako pande mbili zinakubaliana na kidole kina pa kuchagua. Vizungushio vinavyoamriwa kidijitali havina tatizo hili la pande mbili, ingawa hatua zake za chini bado zaweza kuwa kubwa mno.

Lakini kinachowaudhi wenye iafoni nyeti ni ile shhh. Kila amplifaya huzalisha kelele kidogo mlangoni mwake, na geini huikuza kama inavyoukuza wimbo. Tuseme kelele hiyo ni mikrovolti 2. Kwenye geini ya mara 1 itatoka vivyo hivyo, na iafoni yetu ya 128 itaigeuza kuwa desibeli 14, sauti ndogo mno ambayo hata chumba kilichotulia huifunika. Kwenye geini ya mara 10 inakuwa mikrovolti 20, sawa na desibeli 34. Hiyo utaisikia. Ile hedfoni ya 103, kwa kelele hiyohiyo ya mikrovolti 20, itatoa desibeli 9, na mwenye nayo ataapa kwamba amplifaya ni kimya kama kaburi. Wote wawili wanasema kweli kuhusu kifaa kimoja.

Kupunguza sauti hakusaidii hapa, kwa sababu katika miundo mingi kizungushio huwekwa kabla ya hatua ya kukuza: hupunguza wimbo lakini hakiifikii kelele inayozaliwa nyuma yake. Hilo hukupa njia rahisi ya kupeleleza. Simamisha muziki, acha chanzo kikiwa kimewashwa, kisha zungusha taratibu. Shhh isiyobadilika inatoka kwenye amplifaya. Hapo jaribu L. Ikipanda pamoja na kizungushio, inatoka kwenye chanzo, na swichi ya geini haitaitibu.

Kuchagua, basi, huanzia chini. Weka L, pandisha chanzo karibu na mwisho wake, kisha cheza rekodi iliyo tulivu kuliko zote ulizo nazo, kwa mfano muziki wa okestra au rekodi ya zamani. Ukifikia sauti unayoitaka kabla ya robo tatu ya mzunguko, umemaliza. M na H hazina kazi kwako. Wanaotumia programu ya kusawazisha sauti wakumbuke kwamba hiyo mara nyingi huteremsha wimbo wote desibeli 6 au zaidi ili kuacha nafasi, kwa hiyo wafanye jaribio programu ikiwa imewashwa. Ukifika mwisho wa kizungushio na bado sauti haijatosha, panda hatua moja. Hedfoni za omu 300, na baadhi ya zile za sahani bapa (zenye utando mpana ulio bapa unaotikiswa na sumaku) zenye unyeti mdogo, hustahili H, na hakuna aibu katika hilo.

Kuna mtego wa kulinganisha. Ukihama kutoka L kwenda H bila kugusa kingine, muziki unachangamka, ngoma zinakuja mbele, na unaamini umegundua kitu. Ulichogundua ni sauti kubwa zaidi. Sikio hupendelea kilicho juu hata kwa desibeli 1 au 2, sembuse 12. Shusha kizungushio hadi viwango vilingane ndipo uamue.

Jambo la kuogopa kwa kweli ni kubadilisha vifaa. Umesikiliza hedfoni nzito kwenye H, unachomoa, unachomeka iafoni, unabonyeza cheza. Kutoka desibeli 80 hadi 105 ni kosa dogo tu la mkono. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake na ITU (Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano), linawawekea watu wazima desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na kila desibeli 3 zinazoongezeka hukata muda huo nusu. Mimi hurudisha kizungushio sifuri kabla ya kuchomoa chochote.

Ikiwa hata L ni nyingi, huuzwa vipande vidogo vyenye rezista vinavyochomekwa kati ya amplifaya na iafoni. Huua shhh kweli. Shida ni iafoni zenye viendeshi vingi vya amecha (vispika vidogo vya ndani vyenye kijichuma kinachotikiswa na sumaku), ambazo impedansi yake, yaani ukinzani wake kwa omu, hubadilika sana kati ya besi na sauti nyembamba: ukiongeza omu kadhaa njiani, uwiano wa sauti hugeuka, besi ikapungua au sauti kali zikajitokeza, kutegemea muundo. Mwenye iafoni ya aina hiyo ni heri atafute amplifaya ambayo L yake ni desibeli 0 au chini ya hapo, na ambayo karatasi yake inataja kelele kwa mikrovolti na omu za mlango wa kutokea.