Kwa nini nyumba huungua "down" na karatasi huungua "up"?

Moto ni uleule, na kinachobaki ni majivu. Hata hivyo, Mwingereza atakwambia nyumba "burned down", barua "burned up". Kwa miaka mingi niliamini kwamba "down" ni chini na "up" ni juu, basi. Nikisoma "burned up" naona ndimi za moto zikipaa. "Drink up" niliitafsiri "inua glasi yako", tena kwa kujiamini.

Kosa langu lilikuwa kutafuta mwelekeo mahali ambapo hakuna kinachokwenda popote. "Drink up" ni kunywa mpaka tone la mwisho, hata kama glasi haijabanduka mezani na unanyonya kwa mrija. "Eat up" ni kumaliza chakula. "Use up" ni kutumia kitu hadi kiishe. Hapo "up" si juu. Ni "kabisa", ni "chote".

Juu imegeukaje kuwa kabisa? Tazama ndoo iliyo chini ya bomba. Maji yanapanda, yanapanda, na yakigusa ukingo mambo mawili hutokea kwa pamoja: yamefika juu, na ndoo imejaa. Hiyo ndiyo "fill up". Inaelekea (hili ni elezo lenye mantiki, si ushahidi wa mahakamani) neno lilikaa jirani na wazo la ukamilifu mpaka likahamia huko, hata pasipo na maji wala ndoo. Sisi kazi kama hiyo huifanya ndani ya kitenzi: tupa huwa tupilia, shika huwa shikilia. Mkia wetu umeshonwa kwenye neno. Wa Kiingereza unaning'inia nje, nasi tunaudhania neno linalojitegemea.

Turudi motoni. Karatasi "burns up" kwa sababu inaliwa yote. Satelaiti kuukuu ikirudi kwenye angahewa nayo "burns up", ilhali inaanguka! Nyumba ilikuwa imesimama, kwa hiyo "down" inataja kuporomoka kwake. Mshumaa pia "burns down", maana kimo chake kinapungua. Nta ikiisha na mwali ukafa wenyewe, hapo ni "burns out".

Ila usiifanye kanuni. "Stand up" bado ni juu ya kweli. Na dereva anayepunguza mwendo "slows down", au "slows up", na maana ni ileile.