Kulinda viwanda vya ndani maana yake nini hasa

Wengi wakisikia kulinda viwanda wanajua ni kupandisha ushuru wa forodha basi, kumbe ushuru ni kipande tu, kuna kuweka kiwango cha mzigo unaoruhusiwa kuingia, kuna vibali, na kuna kupiga marufuku kabisa. Lengo ni kukipa kiwanda kichanga muda wa kujifunza kazi, maana kinaanza na mafundi ambao mikono bado mizito, mashine zinasimama kila mara, na kwa vile kinazalisha kidogo kila kipande kinatoka kwa gharama kubwa, sasa ukikiachia kishindane na kampuni yenye uzoefu wa miaka 50 hakimalizi mwaka. Hoja yenyewe ya zamani sana, Alexander Hamilton, waziri wa fedha wa Marekani wakati huo, aliipeleka kwenye Bunge la Marekani tangu 1791.

Shida inakuja kwenye tija, yani mfanyakazi mmoja anatoa kiasi gani kwa saa, hiyo haipandi kwa sababu tu mlango umefungwa. India walifunga soko la magari miaka mingi, gari la Ambassador lililotokana na Morris Oxford ya Uingereza likatengenezwa toka miaka ya 1950 mpaka 2014 na mabadiliko madogo sana, mnunuzi hana pa kwenda, mwenye kiwanda ahangaike ili iweje? Korea Kusini nao walifunga, ila serikali ikadai mauzo ya nje, mkopo nafuu ukamfuata anayeuza nje, gari la Hyundai Pony likaenda Ecuador 1976 na miaka 10 baadaye Hyundai wanauza Marekani kwenyewe. Kwangu mimi sharti lile la kuuza nje ndo lilifanya kazi kubwa kuliko ushuru.

Halafu malighafi, hapa ndo watu wanasahau kabisa. Tuseme shati la nje ni 100 na kitambaa chake cha kuagiza ni 60, mshonaji wa ndani akiuza kwa bei hiyo hiyo anabaki na 40 ya kulipa wafanyakazi, umeme na faida. Weka ushuru wa asilimia 20 kwenye shati, bei inafika 120, lakini na kitambaa umekiwekea asilimia 40 kwahiyo kimefika 84, mshonaji kabaki na 36. Kwenye makaratasi amelindwa, mfukoni amepunguziwa, na hilo shati la 120 hata akitaka kuliuza nje hakuna atakayelinunua wakati la 100 lipo.