Sanda ya Torino: yanayosemwa na yaliyopimwa

"Kanisa Katoliki linafundisha kwamba hii ndiyo sanda ya Yesu."

Halifundishi hivyo. Kitambaa hiki cha kitani, kinachoonyesha picha hafifu ya mwili wa mtu, chenye urefu wa takriban mita 4.4 na upana wa mita 1.1, kimetunzwa Torino, Italia, tangu mwaka 1578. Kilikuwa mali ya ukoo wa kifalme wa Savoia hadi mwaka 1983, mfalme wa mwisho wa Italia, Umberto II, alipofariki na kukiacha kwa Papa kwa wosia. Papa Yohane Paulo II alipokwenda kuhiji mbele ya sanda mwaka 1998 alisema wazi kwamba hili si suala la imani, kwa hiyo Kanisa halina mamlaka maalumu ya kuliamua. Kazi hiyo akawaachia wanasayansi. Papa Fransisko aliiita ikoni, yaani picha takatifu. Mkatoliki anaweza kusali mbele ya sanda hiyo, na anaweza vilevile kuamini kuwa ni ya zama za kati, bila kwenda kuungama kwa hilo. Anayeabudiwa ni Mungu peke yake. Masalia huheshimiwa tu.

"Walioanza kuitilia shaka ni wanasayansi wasio na dini."

Aliyeanza ni askofu. Sanda inaonekana kwenye kumbukumbu zisizo na utata katika miaka ya 1350, kijijini Lirey, Ufaransa, mikononi mwa ukoo wa Geoffroi de Charny. Mwaka 1389 Askofu Pierre d'Arcis wa Troyes alimlalamikia Klementi VII, papa wa Avignon (enzi hizo mapapa wawili walishindana), kwamba kitambaa kimechorwa na kwamba mtangulizi wake alikwisha kumbaini mchoraji. Jina la mchoraji hakulitaja, na hapo ndipo barua yake inapopwaya. Klementi aliruhusu maonyesho yaendelee, kwa sharti kwamba watu watangaziwe kuwa ni mfano tu wa sanda ya Bwana.

"Kipimo cha kaboni cha 1988 kilishabatilishwa: moto wa 1532 ulikiharibu."

Hapa ndipo penye porojo nyingi, kwa hiyo tuangalie kilichofanyika. Tarehe 21 Aprili 1988 kipande chembamba kilikatwa kwenye pembe moja ya sanda. Maabara za Oxford, Zurich na Arizona zikapata kama miligramu 50 kila moja, pamoja na vitambaa vya kulinganishia vyenye umri unaojulikana, kikiwemo kitani cha mumia (maiti iliyokaushwa) wa Misri ya kale. Sampuli ilisafishwa kwa mawimbi ya sauti, ikalowekwa kwenye asidi, kisha alkali, kisha asidi tena, ili kuondoa masizi, nta na jasho la mikono. Kilichobaki kilichomwa kikawa hewa ya ukaa, hewa hiyo ikageuzwa kuwa grafiti, na mashine ikahesabu atomi zilizosalia za kaboni-14, aina ya kaboni inayopungua kwa kasi inayojulikana tangu mmea wa kitani ulipokufa. Jibu: kitani cha kati ya mwaka 1260 na 1390, kwa uhakika wa asilimia 95.

Moto huo wa 1532, uliotokea Chambéry, katika Ufaransa ya leo, sanda ilipokuwa huko, ulitoboa kitambaa kweli, na masista wa Klara wakakitia viraka mwaka 1534. Lakini kuungua peke yake hakukiongezei kitambaa kaboni-14. Kinachoweza kupotosha ni kaboni mpya kuingia ndani ya nyuzi, na hilo linapigika hesabu. Kitani cha karne ya kwanza kingepaswa kubaki na takriban asilimia 78 ya kaboni-14 yake. Kilichopimwa kilikuwa na karibu 92. Ili kufika hapo, zaidi ya asilimia 60 ya kaboni yote kwenye sampuli ingebidi iwe ya kisasa, tena baada ya kuoshwa. Huo si uchafu tena, ni kitambaa kingine.

Kasoro za kweli ni nyingine. Mpango wa awali ulikuwa maabara saba, zikabaki tatu. Sampuli zote zilitoka sehemu moja, karibu na ukingo ulioshikwashikwa katika maonyesho ya karne nyingi. Na majibu hayakushikana vizuri: Oxford ilipata wastani wa miaka 750 kabla ya 1950, Arizona 646, ilhali kila moja ilikadiria kosa lake kuwa kama miaka 30. Data ghafi zilipotolewa mwaka 2017, wachambuzi wa takwimu waliligusa hilo, na wana haki. Ila tofauti ya miaka mia moja inatikisa ukubwa wa kosa. Haikirudishi kitambaa nyuma miaka 1,300. Kuhusu dai kwamba pembe ile ni kiraka kilichofumwa kwa siri, Mechthild Flury-Lemberg, mtaalamu wa nguo za kale aliyeongoza ukarabati wa 2002, alikichunguza kitambaa pande zote mbili na kulikataa.

"Eksirei ya 2022 imethibitisha miaka 2,000."

Ilipimwa sampuli ya uzi ya milimita 0.5 kwa 1. Mbinu yenyewe inatazama uchakavu wa selulosi, dutu inayounda nyuzi za kitani, na uchakavu hutegemea joto na unyevu. Watafiti wenyewe waliweka sharti: matokeo yanaafiki karne ya kwanza iwapo kitambaa kilikaa kwenye nyuzi joto 20 hadi 22.5 na unyevu wa asilimia 55 hadi 75 kwa karne 13 kabla ya kufika Lirey. Sharti hilo halionekani kwenye jumbe zinazosambazwa.

"Ni rangi tu, mjadala umefungwa."

Haujafungwa. Timu ya Wamarekani iliyokichunguza kwa saa 120 mwaka 1978 haikuona rangi ya kutosha kufanya picha. Rangi ya manjano inayounda picha ya mwili iko kwenye nyuzinyuzi za juu kabisa tu. Walter McCrone, aliyetazama kwa hadubini sampuli ambazo timu hiyo ilizichukua kwa utepe wa kunata, aliona oksidi ya chuma na zinjifuri (zote hutumika kama rangi nyekundu), akasema ni mchoro. Namna picha ilivyotokea ni swali tofauti na umri wa kitambaa. Kutolijua la kwanza hakufuti jibu la pili.

Madai mengine yanayotegemea damu ya kundi AB, chavua na DNA vilivyopatikana kwenye kitambaa yana tatizo moja: kitambaa kimeguswa na umati. Vumbi lililochunguzwa mwaka 2015 lilikuwa na DNA ya watu wa asili nyingi na ya mimea ya mabara kadhaa.

Kipimo kipya kingehitaji sampuli kutoka sehemu kadhaa zilizo mbali na ile pembe, na kukata tena si lazima: mabaki yaliyoungua yaliyokwanguliwa mwaka 2002 yalihifadhiwa. Ruhusa iko kwa mwenye mali, yaani Papa.