Maji meupe sio lazima yawe salama: tope linasema nini na halisemi nini

DHANA: Maji yakiwa meupe pee, kunywa tu.

Hapana jamani, na hii ndo inayoumiza watu wengi hapa Dar. Tope linapimwa kwa mwanga, kimashine kinamulika maji halafu kinasoma vichembe vinavyoutawanya ule mwanga, kipimo chake kinaitwa NTU, na macho yetu yanaanza kuona ukungu kwenye NTU 4 hivi. Sasa kilichoyeyuka hakitawanyi mwanga, chumvi, naitreti (kemikali inayotoka kwenye kinyesi na mbolea), floraidi (madini ya asili kwenye maji), vyote vinapita kimya kimya. Kisima kilichochimbwa jirani na choo cha shimo kinaweza kukupa maji yanang'aa kwenye glasi na ndani kuna naitreti pamoja na vijidudu vya kinyesi, na hivyo vijidudu ni vidogo mno, vinaweza kuwepo maelfu usione kitu.

DHANA: Tope la masika ni udongo tu, likituama kwenye ndoo mambo yameisha.

Mto Ruvu ukishuka toka milima ya Uluguru wakati wa mvua unakuja na rangi ya chai ya maziwa, na ile mvua iliyosomba udongo imesomba pia mavi ya mifugo na vya vyooni, kwahiyo tope likipanda mara nyingi na E. koli (vijidudu vya kinyesi) nao wanapanda, fosfeti (kirutubisho kilichomo kwenye mbolea) nayo inakuja imeng'ang'ania kwenye udongo. Halafu uchafu unaokuja na tope unakula klorini, dawa ya kuua vijidudu, na vijidudu vinajificha kwenye vichembe. Ndo maana mtambo wa maji unaanza na shabu kugandisha tope, linatuama, maji yanachujwa, klorini inakuja mwisho, na WHO (Shirika la Afya Duniani) wanataka tope liwe chini ya NTU 1 kabla ya klorini. Nyumbani vilevile, tuamisha, chuja kwa kitambaa safi, ndo utie dawa usubiri nusu saa, au chemsha. Kutia dawa kwenye dumu la tope ni kuipoteza bure.

DHANA: Tope likipanda, kila kipimo kinapanda.

Chumvi mara nyingi inashuka, maji ya mvua yanaizimua. Na mto wa mjini kama Msimbazi kiangazi unaweza kuonekana umetulia, ila maji ni machache, majitaka hayana cha kuyazimua na oksijeni inapungua.

DHANA: NTU 50 ni miligramu 50 za udongo kwa lita.

Sio hivyo, udongo laini wa mfinyanzi unatia ukungu zaidi kuliko mchanga wa uzito uleule, kwahiyo kila mto lazima uchukue sampuli zake, upime uzito maabara, ndo upate hesabu ya mto huo.