Mchoro wa rangi ya mafuta haukauki kama nguo, tuelewane

Hii nishaichoka jamani. Mteja anaagiza mto na milima, kanvasi kubwa, alafu anakwambia "weka juani siku mbili ukauke, Jumamosi piga vanishi nakuja kuchukua" (vanishi ni ule utando angavu wa juu wa kulinda mchoro). Haukauki hivyo! Nguo inakauka kwa sababu maji yanatoka, ila mafuta ya linsidi (ya mbegu za kitani) yaliyochanganywa kwenye rangi hayaendi popote, yanavuta oksijeni ya hewani yanageuka utando mgumu. Kinachoruka ni tapentaini ya kuzimulia rangi, na hiyo inaisha mapema tu, ndo maana ukigusa unaona tayari kumbe ndani bado. Anga nililopaka jepesi linaweza kushika ndani ya wiki, ila povu la maji na yale mawe ya ukingoni nimeyaweka kwa kisu, rangi nene, chini yake panabaki laini miezi na miezi. Sasa upige vanishi hapo, thina iliyomo inalainisha rangi upya, au vanishi inakakamaa juu wakati rangi bado inacheza chini, afu mwakani unaniletea nyufa unasema fundi feki. Vanishi ni miezi 6 mpaka 12, rangi ikiwa nene subiri zaidi, hapo sibishani na mtu. Na usiufunge kwenye nailoni ukauficha kabatini eti vumbi, linsidi ikikaa gizani inaingia unjano na wa kwanza kuonyesha ni theluji ya kileleni. Tundika sebuleni, mwanga wa kawaida, hewa ipite, basi.

"Mbona mlima wa nyuma ni wa bluu wakati una miti?" Kwa sababu uko mbali, hewa ya katikati inatawanya mwanga wa bluu. Kaiangalie milima ya Uluguru ukiwa bado barabarani kabla hujafika Morogoro mjini.

Eti mchoraji wa kweli anamalizia palepale mtoni. Nani kasema? Albert Bierstadt, mchoraji wa mandhari wa Marekani, alienda milima ya Rocky Mountains hukohuko mwaka 1859, akarudi na michoro midogo na picha za kamera, ile kubwa ya kilele cha Lander's Peak ya 1863, upana mita 3 hivi, kaifanyia studio New York. Ulitaka aibebe mgongoni?

Kusafisha mchoro kwa kusugua kiazi au mkate, hapana kabisa, unaacha wanga, kuvu na wadudu wanafurahi. Brashi laini kavu inatosha, na ukiona rangi imeanza kunyanyuka hata hiyo brashi weka chini, mpelekee fundi.